Nina elfu nane za drili, lakini fundi ni shemeji yangu

BARUA

Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunapanga Kahawa West, ghorofa ya tatu. Najua wapo watakaocheka wakisoma kwamba nimekuandikia kuhusu drili, ile mashine ya kutoboa ukuta. Wacheke. Jambo lenyewe limeninyima raha, na sina wa kumweleza kwa sababu kila ninayeweza kumweleza ni wa ukoo.

Tangu tuhamie hapa madirisha yetu hayana pazia. Mapazia ninayo, nilishonesha Gikomba, yamekunjwa juu ya kabati. Vyuma vya kuyatundikia vimesimama nyuma ya mlango, hata nailoni yake haijatolewa. Kinachokosekana ni matundu tu. Chumbani nimeziba kwa leso niliyoibana na misumari, nusu ya hiyo misumari ikapinda ilipogusa ukuta. Sebuleni, watu wa jengo linalotuelekea wanatuona tukila chajio.

Sasa, mdogo wa mume wangu ni fundi. Anakaa Mwiki, ana mashine yake kubwa, na kazi yake ni safi, sitamsingizia. Shida ni kumpata. Nikimpigia ananiambia, "Kesho, shem." Kesho ikifika yuko Ruiru kwenye mjengo, au matatu imekwama hapo Roysambu, au simu imezimwa. Akija nampa elfu moja, mara nyingine na unga juu, kwa sababu najua ana watoto na kazi za mjengo si za kila siku. Mume wangu husema afadhali hiyo pesa iende kwa mtu wetu. Niliwahi kutaja kwamba nitamwita fundi wa hapa mtaani. Habari ilimfikia mama mkwe Murang'a kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Kwa hivyo zamu yangu ya chama ilipofika niliweka elfu nane kando. Nataka drili yangu. Nitundike mapazia, niweke rafu ya viungo jikoni na vibanio vya taulo bafuni, nikaze kitanda cha kijana wangu ambacho kinayumba, na baadaye televisheni ipande ukutani.

Nilienda River Road nikaonyeshwa tatu. Ya kwanza ni ya waya, imeandikwa wati 650, ina nyundo, shilingi 3,800 na boksi la biti, vile vyuma vya kutobolea, ndani. Ya pili haina waya, ya volti 12, betri mbili na chaja, 7,500. Ni nyepesi, niliipenda nilipoishika tu, lakini mzee mmoja aliyekuwa akinunua misumari kando yangu akasema, "Mama, hiyo ni ya kukaza skrubu. Ukuta utaichezea." Ya tatu ni mtumba kutoka Uingereza, ya jina kubwa, nzito, 4,500. Plagi yake ni ya manjano, yenye vyuma vitatu vya mviringo. Muuzaji akaniambia, "Kata hiyo, weka plagi ya kawaida, itakuzika."

Nilipomwambia mume wangu, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Sasa yeye utamwambia nini?" Shemeji mwenyewe alisikia, sijui kwa nani, akacheka kwenye simu: "Shem, hiyo kitu itakuvunja mkono. Linta yenu ni chuma tupu." Sielewi kama ni kweli au analinda unga wake.

Ninunue ipi? Na nikinunua, si nitakuwa nimemfuta kazi ndugu wa mume wangu? Juu ya hayo yote keateka wa ploti bado hatujamuuliza kama tunaruhusiwa kutoboa.

Mwenye Mapazia, Kahawa West

JIBU

Dada Mwenye Mapazia,

Sijacheka. Barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, ukuta na shemeji. Umeuliza drili ipi, lakini aliyekukosesha usingizi ni shemeji, hilo nimeliona. Hata hivyo nitaanzia ukutani, kwa sababu amekuambia jambo linaloweza kupimwa, na ukishalipima hutazungumza naye kwa kubahatisha.

Amesema linta yenu ni chuma tupu. Ametia chumvi, lakini hajakudanganya. Nyumba nyingi za kupanga huko kwenu kuta zake ni mawe ya kukatwa, yale yanayoteremshwa na malori kutoka upande wa Ndarugo na Juja, yakajengwa na kupakwa plasta. Jiwe hilo asili yake ni majivu ya volkeno, si gumu sana, na drili ndogo yenye nyundo inaliingia vizuri. Lakini juu ya dirisha hakuna jiwe. Pana linta, yaani boriti ya zege yenye vyuma ndani, iliyomwagwa pale ili ibebe mawe yote yaliyo juu ya uwazi wa dirisha. Na pazia hutundikwa wapi? Hapo hapo! Ndiyo maana mtu hutoboa jikoni kwa raha akajiona fundi, kisha akifika dirishani biti inazunguka pale pale, inang'arisha ukuta na kunuka moto.

Kazi yako ya kwanza basi, ambayo pia ndiyo ya haraka, inaangukia sehemu ngumu kuliko zote ndani ya nyumba. Rafu, vibanio na kitanda ni mambo madogo. Naomba ulipime hili kabla ya kupima bei.

Kuna njia ya kujua. Biti ikishavuka plasta, sentimita moja au mbili hivi, ikikuta jiwe utahisi inazama. Ikikuta zege itakataa na mlio utapanda. Katika nyumba nyingine linta huishia kama shubiri moja tu kupita ukingo wa dirisha, kwa hivyo ukisogeza vishikio vya pazia kushoto na kulia unaikwepa, na pazia likifunguliwa linaachia dirisha lote. Katika nyumba nyingine boriti hiyo inazunguka jengo zima na hakuna pa kukwepea. Shemeji amewahi kutoboa kwenu. Muulize aliikuta wapi na ilianzia kimo gani. Hilo ni swali la heshima, na jibu lake ni la thamani kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Tuje kwenye mashine. Ile ya waya ya 3,800 ni aina ambayo mafundi wengi walianzia. Nyundo yake ni visahani viwili vya meno vinavyosuguana ndani, vikaifanya biti igonge makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, mapigo madogo madogo. Kwa tundu la milimita 6 kwenye jiwe inatosha na kubaki. Kwenye linta itaingia, ila kwa subira: unasukuma, unaitoa ipoe na vumbi litoke, unarudi. Mabega utayahisi. Mashine kubwa ya shemeji, nadhani ni ya SDS, aina nzito ya mafundi ya kutoboa zege, hupiga mapigo machache zaidi, kama elfu nne au tano kwa dakika, lakini ndani mna pistoni inayosukumwa na hewa na kila pigo lina uzito. Tundu hilo hilo kwake ni la sekunde chache. Anakuona kama mtu anayekwenda kuchinja ng'ombe kwa kisu cha mkate, na kwa upande wa linta peke yake simlaumu.

Yule mzee wa misumari naye alisema kweli, lakini si kweli yote. Drili ndogo za volti 12 nyingi hazina nyundo, na bila nyundo jiwe litakuchosha na zege litakushinda. Uliza waziwazi kama ina nyundo. Alama yake huwa picha ya nyundo ndogo kwenye ringi. Lakini kwa kitanda cha kijana, bawaba za kabati na kitu chochote cha mbao, hiyo ndiyo utakayoifurahia. Ina ringi ya namba inayoachia skrubu ikishakaza, ili usiipasue mbao. Wengi hununua drili kwa ajili ya ukuta, kisha wakagundua kwamba baada ya wiki ya kwanza karibu kazi zote zilizobaki ni za skrubu. Sijui kama kwako itakuwa hivyo. Kitanda kinachoyumba kinanifanya nidhani hivyo.

Betri ina mambo yake. Inazeeka hata ikikaa kabatini, na ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kabla hujatoa pesa uliza kama betri peke yake inapatikana, na kwa bei gani. Ukisikia kimya, umeshajibiwa. Ukikuta duka moja linauza ya volti 18 na la pili ya volti 20 kwa bei ya juu, usilipie namba: zote ni seli tano za lithiamu, moja imehesabiwa kwa kiwango cha kawaida na nyingine ikiwa imejaa chaji. Hata hiyo 12 yako kwa hesabu ya kawaida ni 10.8. Zile za 18 zenye nyundo ndizo zingekufaa kwa mbao na jiwe kwa pamoja, ila ukijumlisha betri mbili na chaja, nachelea elfu nane zako hazitafika.

Kuhusu plagi ya manjano sitazunguka. Manjano ni alama ya volti 110. Uingereza mashine za mjengo hutumia umeme huo mdogo kupitia transfoma, ili fundi akinaswa asife. Soketi yako Kahawa West ni volti 240. Ukikata plagi ukaunga ya kawaida, mota itaungua, na huenda iungue ikiwa mkononi mwako. Kwa mtumba wowote soma kile kibati kilicho ubavuni: kiandikwe 220 hadi 240. Kama hakisomeki, iache, hata jina liwe kubwa namna gani.

Na hizo wati 650 zisikutishe wala kukulewesha. Ni umeme inaokula, si nguvu inayofika kwenye biti. Dukani omba waichomeke, kisha bonyeza kifyatulio kidogo kidogo. Kwa anayeanza, mashine inayotii kidole ikaanza polepole ni bora kuliko yenye namba kubwa inayoruka mara moja. Angalia kama inarudi nyuma, kama kishikio cha pembeni kipo, kama kaboni za akiba, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kuisha kwa kusuguana, zipo, na kama utapewa risiti yenye jina la duka. Majina makubwa yanaigwa mno mjini; boksi lenye tahajia mbovu lirudishe juu ya kaunta.

Umeweka elfu nane kana kwamba drili ndiyo gharama yote. Hebu tuihoji hesabu hiyo. Biti za bure zilizo ndani ya boksi mara nyingi hupoteza ncha kwenye linta ya kwanza. Utahitaji nzuri za ukuta zenye ncha ya kabidi, ya 6 na ya 8, na fisha, vile vya plastiki vinavyoingia tunduni kushika skrubu, za kipimo hicho hicho, kwa maana fisha ya 6 kwenye tundu la 8 ni pazia sakafuni. Utahitaji miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi, pima maji, na ngazi au mtu mwenye ngazi. Ukinunua ya 7,500, hivi vyote utavipata wapi? Ukinunua ya 3,800 vinaingia na chenji inabaki, ila kitanda utakikaza kwa mashine nzito isiyo na ringi ya namba, au kwa bisibisi ya mkono, ambayo kwa kitanda kimoja inatosha.

Nyaya nazo. Katika nyumba za ghorofa waya wa swichi kwa kawaida hushuka kutoka dari ndani ya paipu iliyofukiwa ukutani. Kwa hivyo usitoboe moja kwa moja juu ya swichi au soketi, wala chini yake, wala kwenye mstari wake wa kulala. Bafuni kuna paipu za maji, na kama kuna vigae anza bila nyundo hadi uvuke kigae. Hapa drili ya betri ina faida ambayo muuzaji hakukutajia: unaweza kuzima meni swichi ya nyumba nzima ukatoboa kwa utulivu. Ya waya haikuachii nafasi hiyo. Na kama ya waya imekuja na plagi ya vyuma viwili, tafadhali usiichomeke kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi kama tunavyofanya na chaja za simu. Nunua adapta.

Sasa shemeji.

Unasema ukinunua drili utakuwa umemfuta kazi. Nakuuliza, ni kazi? Unampa elfu moja na unga kwa sababu ana watoto. Hayo kwa macho yangu ni mambo mawili, malipo ya fundi na msaada wa ndugu, na kwa kuwa yamechanganywa huwezi kumlalamikia kama fundi aliyechelewa wala kumsaidia kama ndugu bila kwanza kumtafutia tundu la kutoboa. Huenda kwake yeye pia ni mzigo. Anakuja akijua shem atatoa kitu, na huenda ndiyo maana mjengo wa Ruiru, wenye mshahara usio na maneno, unakushinda kila mara. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema sijaona popote kwenye barua kwamba mmewahi kuulizana.

Njia unazo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kuazima mashine ya shemeji kwa siku moja, mapazia yakapanda, na drili ikangoja. Mwiba ni kwamba mashine hiyo ndiyo jembe lake, ikiharibika mikononi mwako deni litakuwa kubwa kuliko bei yake. Unaweza kukodi ya SDS. Wapo wanaokodisha kwa siku, wakashika kitambulisho au pesa ya amana, lakini ni nzito na inataka mkono uliozoea. Unaweza kununua yako kwa kazi nyepesi, linta na televisheni ukamwachia yeye kwa bei mliyopatana mapema na siku iliyotajwa. Hapo hujamfuta, umemtengea kazi inayomstahili. Mwiba: kama tatizo lake ni kutofika, madirisha ndiyo yatakayoendelea kungoja. Au unaweza kununua ya 3,800 na kupambana na linta mwenyewe polepole, tundu moja Jumamosi hii na jingine ile, majirani wakikuvumilia. Yote haya watu wameyafanya na nyumba zao zimesimama.

Mume wako amekuachia kusema na ndugu yake. Sidhani ni kwa ubaya. Wanaume wengi hukwepa mazungumzo ya pesa na ndugu mdogo. Lakini habari ya mapenzi na pesa katika familia ya watu huwa nyepesi ikitoka kwa mwenye familia. Unaweza kumwomba jambo dogo: asikutetee, ampigie tu ndugu yake akamwambie, "Tunanunua drili ya nyumbani, tunataka maoni yako." Wingi wa "tunanunua" utamfikia hata mama mkwe Murang'a ukiwa umepoa.

Keateka muulize leo, na umuulize kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki limeandikwa. Baadhi ya wenye nyumba hukubali matundu ya pazia na kukataa ya televisheni. Wengine hukata amana kwa kila tundu lisilozibwa siku ya kuhama. Jibu lake linaweza kupunguza orodha yako kabla hujatumia hata shilingi, na orodha ikipungua, mashine inayokufaa nayo inaweza kubadilika.

Kuna njia moja nimeibakiza kwa sababu inanivutia na kunitia wasiwasi kwa pamoja: kwenda River Road na shemeji, umlipe siku yake, akuchagulie. Atajua kuisikiliza mota na atakuepusha na bandia. Lakini fundi akiingia dukani huona kazi zake, haoni zako, na huenda anafahamiana na mwenye duka kuliko unavyodhani. Ukienda naye, pesa ikae kwako, na kifyatulio ubonyeze wewe. Ukimwona macho yameganda kwenye ile kubwa ya SDS, muulize hiyo itakuwa ikilala Kahawa West au Mwiki.